Kliniki ya moyo Mtwara: tulienda na hela ya stenti, tukarudi na dawa

Wenye wazazi wa moyo huku kusini, hii ni yenu. Itakuwa ndefu kidogo, mnivumilie.

Mzee wangu ana miaka 67, yuko Newala, korosho ndo maisha yake. Mwaka jana alianza kubanwa kifua akipandisha kutoka shambani, na mnaoijua Newala mnajua zile njia za kushukia bondeni zilivo. Anafika katikati ya mlima anasimama, mkono kifuani, dakika tatu nne inaachia anaendelea. Alituficha miezi kadhaa, mama ndo kaja kusema.

Tukampeleka sehemu moja ambayo siitaji, akapigwa siti skani ya mishipa ya moyo, jibu likaja mshipa mmoja umeziba asilimia 70. Aliyetusomea majibu alitusomea koridoni, baba kakaa kwenye benchi anasikia kila kitu, akasema huyu akilala anaweza asiamke, tafuteni hela akazibuliwe haraka. Basi. Usiku ule hakuna aliyelala nyumbani, mama alikuwa anaamka kila saa kumsikiliza kama anapumua.

Ukoo ukakaa. Mjomba akasimamia mchango, na kwetu Wamakonde mjomba akishasimama hakuna wa kukaa pembeni, hela ya mnada wa korosho iliyokuwa imetoka chama cha msingi ikaingia yote, mi nikakopa kikoba, dada yangu Lindi akauza mashine yake ya kushonea. Stenti, kile kibomba kidogo cha waya kinachowekwa ndani ya mshipa kuutanua, wanaweka Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kwaiyo kilichobaki ilikuwa barua ya rufaa tu. Ndo tukaja hii kliniki ya moyo hapa Mtwara mjini, mi, mjomba na mzee, tumekuja kuchukua barua tuondoke na basi la alfajiri.

Barua hatukupewa.

Dokta ni dada mdogo tu, akamwamkia mzee shikamoo, akamwamkia mjomba, akaiangalia CD ya siti skani mwenyewe, sio ripoti peke yake. Halafu akaanza kumuuliza mzee maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Maumivu yanakubana ukiwa umekaa? Hapana. Usiku yanakuamsha? Hapana. Mwezi huu yamezidi kuliko mwezi uliopita au yako vilevile? Vilevile, nikipanda mlima tu. Ukisimama yanaachia? Yanaachia. Akampima eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, akasema moyo unasukuma damu vizuri. Akarudi tena kwenye picha, akatuonyesha kwamba ule mshipa mkuu wa kushoto, pale unapoanzia kabla haujagawanyika, uko safi. Akasema kama pale ndo pangekuwa pameziba, au moyo ungekuwa umechoka kusukuma, au maumivu yangekuwa yanakuja mzee amekaa tu, mazungumzo yetu yangekuwa mengine kabisa na barua ningewapa leo. Ila kwa huyu, stenti tuiahirishe kwanza, tuanze na dawa.

Mjomba akasimama. Akasema dokta, mwanangu, sisi hela tunayo, unatuambia tukae tumuangalie anakufa?

Na hapa ndo naipa hii kliniki maua yake, maana dada wa watu hakukasirika wala hakutuharakisha, nje foleni imejaa. Akamwambia mjomba kaa baba yangu, hatumuangalii, tunamtibu, kinachosubiri ni kile kifaa tu. Akageuza fomu akachora mshipa. Akasema uchafu wa mafuta haujakaa sehemu moja, umetandaa kwenye kuta za mishipa, hapo penye asilimia 70 ni pale palipobana zaidi ndo maana mlima unamshinda. Lakini shambulio la moyo mara nyingi linatokea uchafu ukipasuka na damu ikagandia juu yake, na panapopasuka panaweza kuwa ni pale palipobana kidogo ambapo hata stenti asingewekewa mtu. Stenti inatanua sehemu moja. Dawa ya kolestro, ya kuzuia damu kuganda, ya presha, na kuacha sigara, hizo zinafanya kazi kwenye mishipa yote. Mjomba akauliza, kwaiyo akizibuliwa bado anaweza kupata shambulio? Akasema ndio baba, anaweza, na wengi hawaambiwi hivo.

Mi nilivorudi nilienda kusoma mwenyewe, sikutaka kumwamini mtu kwa vile tu anaongea vizuri. Alichosema kipo. Mwaka 2007 ulitoka utafiti unaitwa COURAGE, watu 2,287 wenye ugonjwa uliotulia kama wa mzee, nusu wakapewa dawa na stenti, nusu dawa peke yake, vifo na mashambulio ya moyo vikaja havina tofauti. Watu wakabisha, wakasema labda walioingizwa hawakuwa wagonjwa sana. Ukaja ISCHEMIA, matokeo 2020, watu 5,179 kwenye nchi 37, hawa vipimo vilionyesha kabisa moyo unakosa damu kwa kiwango cha kati au kikubwa, na bado kukimbilia kuzibua hakukupunguza vifo wala mashambulio kwa ujumla. Ila walioanza na dawa, karibu mmoja kati ya watano alikuja kuzibuliwa baadae, kwaiyo kuahirisha sio kufuta, mlango uko wazi. Na wale waliokuwa wanaumwa kifua mara kwa mara walipata nafuu zaidi wakizibuliwa, hilo nalo limeandikwa na dokta alitwambia bila kulificha. Alisema stenti kazi yake ni kutuliza maumivu, na inaifanya kweli, kwaiyo dawa zikishindwa kumtuliza mzee au akiona hayo maisha ya kusimama katikati ya mlima hayataki, nitaandika barua mimi mwenyewe.

Kuna kitu kingine aliuliza ambacho kilinifungua macho. Mzee ana ngiri, alishapangiwa operesheni. Huku pwani ukisema mshipa mtu anaelewa ngiri au busha, kwaiyo wiki zote hizo bibi yetu alikuwa anajua mshipa unaozibuliwa ndo huohuo wa ngiri, tulikuja kumuelewesha baadae sana. Dokta akasema ukiwekewa stenti utameza dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa pamoja, kawaida kama miezi sita kwa mtu ambaye hajapata shambulio, na ukizikatisha katikati stenti yenyewe inaweza kuzibwa na damu, na hiyo ni hatari kuliko ulivokuwa mwanzo. Kwaiyo operesheni ya ngiri ingesogea. Halafu akauliza, Newala hizo dawa mtazipata wapi kila mwezi bila kukosa? Tukaangaliana. Hela ya kuwekea kifaa tulikuwa nayo, ya dawa za kila mwezi hakuna aliyeipigia hesabu.

Akampa atorvastatin ya kolestro, aspirini ya kiwango kidogo ya kuzuia damu kuganda, bisoprolol ya presha na mapigo ya moyo, na kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kikianza kubana. Kwenye hicho kidonge alituomba mi na mjomba tutoke nje. Mzee kaja kuniambia baadae kwamba aliulizwa kama anatumia dawa za nguvu za kiume, kwasababu zikichanganyika na hicho kidonge presha inaweza kushuka ghafla mtu akafa. Kumtoa shemeji yake na mtoto wake nje kabla ya kumuuliza mzee wa Kimakonde swali kama hilo, huo ni uungwana, hata sijui nisemeje. Tulivorudi akamfundisha mbele yetu, kaa chini kwanza ndo uweke, usiweke umesimama, kichupa kisikae juani. Akauliza chakula, mzee akataja ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akaambiwa ming'oko kula baba, hiyo chumvi ya kuchovyea ndo uipunguze.

Na akatuandikia kwenye karatasi kwa Kiswahili kikubwa kinachosomeka: yakianza kubana umekaa tu, yakiwa yanakuja mara nyingi kuliko mwanzo, au umeweka kidonge na hayaachii, usisubiri tarehe ya kliniki, njoo hospitali saa hiyohiyo. Mama ameibandika mlangoni chumbani, na tangu siku ile analala.

Sasa mabaya, maana yapo. Foleni. Tulifika saa 12 asubuhi tukamuona dokta saa 8 mchana, na mzee wa moyo kukaa kwenye benchi la mbao masaa manane sio sawa, wangeweka hata namba watu wajue zamu zao wakatafute chai. Dirisha la malipo mtandao ulikata mara mbili. Duka lao la dawa bisoprolol ilikuwa imeisha, tukaenda kununua nje. Na simu ya kliniki haipokelewi, nimepiga si chini ya mara kumi, ukitaka kubadilisha tarehe lazima uje mwenyewe, sasa mtu wa Newala au Nanyumbu afunge safari kwa ajili ya tarehe tu? Hilo wanaweza kulirekebisha kesho wakiamua.

Nyota 4 kati ya 5, na ile moja wamenyimwa na benchi na simu.

Tumerudi baada ya miezi mitatu. Kolestro mbaya imeshuka karibu nusu. Mlima bado anaupanda polepole ila anasema siku nyingi anafika juu bila kusimama, kidonge cha chini ya ulimi kakitumia mara mbili tu. Sigara bado anaiba moja moja, dokta kamwambia wazi kwamba hapo ndo anajiharibia mwenyewe, na mi namwambia kila nikipiga simu. Ngiri keshafanyiwa, imepona. Cherehani ya dada tumeikomboa. Hela iliyobaki mjomba kasema isiguswe, ikae akaunti ya mzee kwa ajili ya dawa, na kama siku moja dokta akisema sasa twende Dar, iwepo.

Kwa mnaokuja: njooni na CD ya picha yenyewe, sio karatasi ya majibu tu, na dawa zote anazomeza mgonjwa muweke kwenye mfuko mje nazo, hata zile za mitishamba. Siku ya kliniki ni Jumatano.