Programu za kufuatilia diski hazioni eneo lililofichwa: uzoefu wangu

Programu za kufuatilia afya ya diski nazitumia kila siku na nazithamini sana. Kipengele namba 5 cha SMART (mfumo wa diski kujipima yenyewe), kile kinachohesabu sekta mbovu zilizohamishiwa kwenye akiba, kikianza kupanda, ni wakati wa kunakili mafaili yako bila kungoja kesho. Kwenye afya sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwenye ukubwa: karibu zote nilizojaribu hazikwambii kwamba diski ina sehemu iliyofichwa.

Nililigundua hili nilipotaka kuongeza diski ya gigabaiti 500 kwenye RAID ya kioo (diski mbili zinazobeba data ileile) iliyokuwa tayari inafanya kazi. Modeli ni ileile, lebo ileile, lakini mfumo ukaikataa ukisema ni ndogo mno. Nikafungua programu ya kufuatilia: afya nzuri, joto la kawaida, alama ya kijani, ukubwa gigabaiti 500. Ukisoma hapo utaapa kwamba diski hizo mbili ni pacha.

Jibu nililipata kwa hdparm, programu ya Linux ya kusoma na kubadili mipangilio ya diski kwa amri. Amri ni "sudo hdparm -N /dev/sdb" (weka jina la diski yako), nayo ikanirudishia hivi:

max sectors = 976771055/976773168, HPA is enabled

Namba ya kwanza ni sekta ambazo mfumo unaruhusiwa kuziona, ya pili ni sekta zilizopo kweli. Zimefichwa 2113, yaani kama megabaiti moja tu, maana kila sekta ni baiti 512. Ni kidogo, lakini kioo hakikubali diski iliyopungua. Eneo hili lililofichwa ndilo HPA (Host Protected Area). Kuna BIOS (programu inayoiwasha kompyuta) zinazolitenga zenyewe ili ziweke nakala yao humo, na kuna kompyuta zilizotoka kiwandani zikiwa na programu ya kurejesha mfumo ndani yake.

Sababu ya programu kutoliona ni swali zinalouliza. Huituma amri ya IDENTIFY DEVICE, inayoitaka diski ijitambulishe, na diski yenye HPA hujibu kwa ukubwa uliopunguzwa. Ili kuupata ukubwa halisi inabidi kuuliza kwa amri nyingine, READ NATIVE MAX ADDRESS, kisha kulinganisha majibu mawili. hdparm inafanya hivyo. Kuna pia DCO (Device Configuration Overlay), njia nyingine ya kupunguza ukubwa wa diski, ambayo huficha kwa kina zaidi kwa sababu hupunguza hata hilo jibu la pili. Hiyo unaichungulia kwa "hdparm --dco-identify".

Hapa kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawalitenganishi. Takwimu za SMART zinatunzwa na diski yenyewe. Lakini ule ukaguzi wa uso wa diski, wenye vile viboksi vya rangi, unafanywa na programu, na unasimama pale mfumo unapoona mwisho. Ukiambiwa "diski yote imekaguliwa", ujue ni yote inayoonekana. Ndivyo ilivyo pia kwa kufuta kwa kuandika sifuri juu ya diski nzima: kilichomo ndani ya HPA hakiguswi, na anayeuza diski yake anapaswa kulijua hilo.

Usichanganye haya na zile gigabaiti 465 ambazo Windows huonyesha kwa diski ya 500. Hizo hazijafichwa, ni tofauti ya kugawanya kwa 1024 badala ya 1000.

Lile eneo la HPA nililiondoa kwa "sudo hdparm -N p976773168 /dev/sdb", namba hiyo ikiwa ni ile ya sekta zote zilizopo. Hiyo p ndiyo inayofanya badiliko libaki hata umeme ukizimwa. Mwongozo wa hdparm unaonya vikali kwamba data inaweza kupotea, kwa hiyo usiiguse diski yenye kitu unachokihitaji kabla hujakinakili. Diski iliyo ndani ya boksi la USB inaweza isijibu kabisa, kwa kuwa maboksi mengi hayapitishi amri hizi. Ichomeke moja kwa moja kwenye SATA, tundu la diski ndani ya kompyuta.

Programu yangu ya kufuatilia naendelea nayo kwa afya na joto, na diski yoyote iliyotumika naipitisha kwanza kwenye hdparm. Kwa wanaoziunda ombi langu ni moja: mahali penu pa kuandika ukubwa, wekeni namba mbili, inayoonekana na iliyopo, kwa sekta na bila kukadiria. Zikitofautiana, ile alama ya kijani iwe ya njano.