Ubao wa sumaku wa kupangia mbinu: msimu mzima na 4-3-3

Wakuu, kuna watu wanauliza kama huu ubao wa sumaku wa kupangia kikosi una faida kweli au ni urembo tu wa kocha. Mi nimeutumia msimu mzima na timu ya vijana, tunacheza 4-3-3 ya kushambulia (mabeki wanne, viungo watatu, mbele watatu), so naongea kitu nilichokishika mkononi.

Wangu ni ule wa kukunja kama kitabu, una zipu, kete 22 za rangi mbili na kamoja kadogo ka mpira, maka peni na kifutio vimo ndani.

Uzuri wake uko kwenye kusogeza. Kwenye ubao wa chaki ukishachora mchezaji ndo keshaganda hapo, wakati 4-3-3 yenyewe haigandi, ile ni namba ya kujipangia tu. Mkishika mpira mawinga wanakaa pembeni kabisa, namba nane wote wawili, yaani viungo wa juu, wanapanda, mabeki wa pembeni wanaingia ndani kusimama na namba sita (kiungo wa chini), hesabu watu sasa: wawili nyuma, watatu kati, watano mbele, yaani 2-3-5, mfumo uleule wa enzi za Uruguay kuchukua Kombe la Dunia 1930! Vijana wangu nilikuwa nawaeleza kwa mdomo hawanielewi, nilivyosogeza kete tano tu wakaelewa.

Winga wangu wa kulia alikuwa na tabia ya kukimbilia ndani mapema, mpira haujafika yeye keshajazana na straika. Nikampa kete ya namba saba aisogeze mwenyewe mpaka kwenye mstari, mi nikasogeza beki namba tatu wa wapinzani amfuate. Akaangalia ule uwazi uliobaki kati ya beki namba tatu na beki wa kati, akachukua kete ya namba nane akaipitisha palepale bila kuambiwa. Akasema, "Kocha, kumbe nikitulia huku ndo namfungulia mwenzangu." Tangu siku ile sijamfokea tena habari za kukaa pembeni.

Namba tisa wa kushuka, yaani straika anayerudi kati kufuata mpira, pia unamfundisha vizuri sana hapa. Mvute tisa mpaka karibu na viungo, alafu muulize kijana anayecheza beki wa kati, unamfuata au unabaki? Akimfuata ameacha shimo nyuma, akibaki tisa anageuka na mpira bila kusumbuliwa. Hidegkuti, straika wa Hungary, aliwafanyia Uingereza hivyo Wembley 1953, akafunga matatu, Hungary wakashinda 6-3. Barcelona nao 2 Mei 2009 walimweka Messi kati, Eto'o na Henry pembeni, Real Madrid wakala sita kwao.

Sasa matatizo. Sumaku ni dhaifu, ukiusimamisha ubao ili wote waone kete zinateleza, na inauma zaidi unapokuwa unaelezea wale wawili waliobaki nyuma mkipoteza mpira, maana hapo ndo timu ya kushambulia inapofia, mtu akikosea hatua moja ni kaunta na goli, alafu kete ya beki inadondoka chini katikati ya maelezo na akili za vijana zinahama. Mi siku hizi naulaza chini tunauzunguka.

Lingine ambalo sikulijua mapema ni umbali. Ubao una urefu wa sentimita 45, kete moja ina upana wa kama 2, kwenye uwanja wa mita 105 hiyo kete peke yake inafunika karibu mita 5! Kwa hiyo kete mbili zikigusana vijana wanadhani wamebanana, kumbe kati yao mpinzani anapokea, anageuka na anapiga pasi. Tulifungwa mechi mbili kwa namna hiyo, viungo wangu walisimama sawasawa na ubao lakini mbali mno na watu wao. Sasa nikimaliza ubaoni tunaenda uwanjani palepale, tunapima kwa hatua.

Maka peni usiache ikauke juani, haifutiki.

Kwa kocha wa vijana nasema nunua, ila kabla hujalipa panga kete zote 22, simamisha ubao wima, utikise kidogo. Zikidondoka tatu au nne, omba mwingine.