Mwongozo wa kidijitali wa mtambo wa barafu: unafaa, ila usitupe printa

Mtambo mpya wa barafu ya samaki kutoka Ulaya unaweza kukufikia Mwanza bila kitabu cha maelekezo, una stika tu ya QR ya kufungua mwongozo mtandaoni, kwenye mlango wake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2023/1230, inayoanza kutumika 20 Januari 2027, inaruhusu hivyo. Mwongozo lazima upakulike na kuprintika, ubaki mtandaoni miaka 10 au zaidi, na mnunuzi akiomba karatasi wakati wa kununua apewe bure ndani ya mwezi mmoja. Hiyo ni sheria ya soko lao, haimbani muuzaji wa huku. Andika sharti la karatasi kwenye oda yako.

Kwa kutafuta, PDF inashinda kitabu kwa mbali: andika namba ya hitilafu, ukurasa unafunguka. Shida ni chumba chenyewe cha mtambo. Kuta za bati na foamu huua mtandao, na kioo cha simu hakisikii kidole chenye glavu iliyolowa. Stika nayo hubanduka kwa unyevu, kwa hiyo ipige picha pamoja na kibao cha namba ya mtambo siku ya kuusimika.

Pakua faili ukiwa ofisini, uiweke kwenye simu mbili na flashi. Kisha printi jedwali la hitilafu, hatua za kuzima umeme na kuufungia usiwashwe, na mchoro wa nyaya. Mchoro uprintiwe A3. Ukibanwa kwenye A4 namba za nyaya hazisomeki, na fundi anayekisia anaunguza kontakta (swichi ya umeme ya mtambo). Piga laminesheni, tundika kando ya paneli ya umeme.

Nyota nne kati ya tano.