Mashine ya mezani ya kukatia vigae, diski ya milimita 180: ukataji mzuri, waya ndio wa kuangaliwa

Mashine hizi za wati 600, zenye diski ya almasi juu ya beseni la maji, ziko kila duka la vifaa vya ujenzi kwa majina tofauti na umbo karibu lile lile. Kwa kazi ya bafuni na jikoni zinafaa kabisa. Seramiki inakatika bila kusuasua. Poseleni ya milimita 10 nayo inapita, mradi usukume taratibu. Ukiilazimisha, mota inapungua kasi na ukingo wa kigae unameguka. Udhaifu wake ni meza. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 kinaning'inia nje, kwa hiyo tengeneza kiegemeo cha mbao cha kimo kile kile.

Kufunga diski ni kazi ya dakika chache, ila usafi wake hauna mbadala. Futa washa zote mbili za kubana diski, maana chembe ya mchanga ikibaki hapo diski itayumba na mkato utakuwa mpana, wenye meno. Mshale wa diski ufuate mshale wa mashine. Kaza nati kwa spana mbili, zungusha diski kwa mkono, kisha jaza maji mpaka ukingo wa chini wa diski uzame kama sentimita moja. Maji yakizidi hapo yanarushwa kwenye mota na swichi. Washa bila kigae kwa dakika moja, usikilize. Uso wa kigae wenye rangi ukae juu.

Sasa umeme, na hapa hatuna mzaha. Waya unaokuja na mashine ni mfupi, hivyo karibu kila mtu anaongeza ekstensheni, na ekstensheni nyingi za bei rahisi zina tundu tatu usoni lakini ndani ni nyaya mbili tu. Tundu la ethi, yaani la waya wa kinga unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ni pambo. Fungua plagi uhesabu: lazima uone waya wa tatu, wa kijani na njano, umefungwa kwenye pini ndefu. Chagua waya wa milimita mraba 1.5, na kama ni wa kuzungushwa kwenye gurudumu, ukunjue wote, kwani ukibaki umejiviringa unapata joto.

Wengi wanadhani fyuzi ya ampea 13 inawalinda. Inalinda waya. Miliampea 30 zikipita mwilini zinaweza kuua, na ampea 13 ni zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Fyuzi haitajua kitu. Kinachokata kwa wakati ni RCD ya miliampea 30, yaani kifaa cha kukata umeme unapovuja, inayolinganisha umeme unaoingia na unaorudi na kukata tofauti ikitokea. Zipo za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi. Inunue kabla ya diski ya pili, na bonyeza kitufe chake cha majaribio kila siku kabla ya kuanza. Ikikata katikati ya kazi, usiiruke kwa kuhamia soketi nyingine: kuna unyevu mahali, au waya umechubuka.

Waya uning'inie ukipita chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotambaa juu yake lidondoke pale chini lisifike kwenye plagi. Kiungo cha ekstensheni kiwe juu ya kitu kikavu, mbali na matone, kamwe kisiwe sakafuni.

Dukani, jaribu swichi: washa, chomoa plagi, chomeka tena. Mashine ikianza kuzunguka yenyewe, usiinunue. Umeme ukikatika mkono wako ukiwa karibu na diski, ukirudi hautakusubiri.

Diski ikianza kuteleza bila kukata, pitisha mara chache kwenye tofali laini, almasi mpya zitajitokeza. Maji yakigeuka uji, badilisha. Chomoa plagi kwanza, ndipo uguse beseni.