Nimebadilisha prosesa ya ThinkPad T430: kabla hujalipa, soma hapa

Kazi yangu ni kuhariri video za sendofu, harusi na kipaimara hapa Mwanza. Mashine ninayotumia ni ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ilikuja na prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ya Intel i5-3320M, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya zamani, ile ya kuzunguka. Kwa mwaka mzima lawama zote nilikuwa nazitupia prosesa. Nikifungua faili ikaganda, nasema prosesa imechoka. Nikaanza kuweka hela pembeni.

Bahati nzuri, kabla sijaagiza nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila sehemu ya kompyuta inafanya kazi kiasi gani, nikaiacha wazi pembeni huku naendelea na kazi. Prosesa ilikuwa inacheza kwenye asilimia 20. Diski asilimia 100, na haishuki. RAM ilikuwa imejaa, kwa hiyo kompyuta ikawa inaazima nafasi kwenye diski, na diski yenyewe ndiyo hiyo iliyokwisha kuelemewa. Prosesa ilikuwa imekaa inasubiri kuletewa kazi.

Nikatoa diski nikaweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi, na RAM nikaipandisha hadi GB 16, maana T430 ina nafasi mbili za RAM na mwisho wake ni hapo. Aisee, ilikuwa kama nimenunua mashine nyingine. Kuwasha tu, nilikuwa nabonyeza halafu naenda kubandika chai. Sasa nikivuta kiti tayari imewaka. Kama kazi zako ni Word, Excel, barua pepe na kuangalia YouTube, ishia hapo. Hela ya prosesa lipia ada ya mtoto.

Mimi sikuishia hapo kwa sababu ya kurenda, yaani kompyuta kugeuza vipande nilivyohariri kuwa video moja iliyokamilika. Video ya dakika kumi ilikuwa inachukua dakika 41, na safari hii Task Manager ilionyesha kitu kingine kabisa: mistari yote ya prosesa imegonga juu na haishuki mpaka kazi iishe, diski imetulia. Hapo ndipo niliporidhika kwamba sasa ni prosesa kweli.

Lakini si kila laptopu inakubali. Mdogo wangu ana HP EliteBook 840 G3, na kuna fundi aliyechukua kabisa malipo ya awali akimwahidi kumpandishia prosesa kutoka i5 kwenda i7, daraja la juu zaidi. Prosesa ya mashine ile ni i5-6200U, imechomelewa moja kwa moja kwenye motherboard, ile bodi kuu ya kompyuta. Haichomoki. Kuanzia toleo la tano la prosesa za Intel, wanaloliita kizazi cha tano, prosesa za laptopu za kawaida zote zilianza kuchomelewa. Ilibidi nimfuate yule fundi mwenyewe mpaka akarudisha hela. Hata jina la prosesa peke yake halitoshi: ThinkPad X230 nayo ina i5-3320M kama niliyokuwa nayo mimi, ila ya X230 imechomelewa na ya T430 imekaa kwenye soketi, yaani inachomekwa na kuchomolewa. Tafuta kitabu cha matengenezo cha modeli yako hasa, uone kama prosesa imeorodheshwa kama kipuri kinachotolewa.

Nilichagua i7-3632QM. Zipo zenye nguvu zaidi, mfano i7-3740QM, lakini ile inakula wati 45, na feni ya mashine yangu ilikuwa inapoza prosesa ya wati 35. Hii 3632QM ni wati 35 vilevile. Usishtuke ukiona GHz zake, yaani kasi, ziko chini, 2.2 dhidi ya 2.6 za i5. Viini, zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja, ni vinne badala ya viwili, na kurenda kunataka viini.

Prosesa iliyotumika iliagizwa Dar, ikaja kwa basi ndani ya kiboksi cha sabuni kilichojazwa sponji. Fundi wangu alitoa kibodi, akatoa sehemu ya kuwekea viganja, akafungua feni. "Dada, njoo uone." Vumbi lilikuwa limejikunja kama blanketi kwenye matundu ya kutolea joto, na ile pesti ya kijivu juu ya prosesa, inayosaidia kuhamisha joto, imekauka, inabanduka kama rangi ya ukutani. Alizungusha skrubu ya soketi kwa bisibisi bapa, i5 ikalegea, akainyanyua kwa ncha za vidole. Mpya ina pini 988 nyembamba kama sindano. Ukiipinda moja umekwisha. Akalinganisha kapembetatu ka kwenye kona na alama ya soketi, ikazama yenyewe bila kusukumwa. Pesti mpya, feni ikarudi, tukawasha. Nilishusha pumzi nilipoona BIOS, ile skrini ya mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, imeandika jina la i7.

Video ileile ya dakika kumi, programu ileile ninayohaririia, Kdenlive: dakika 23. Joto limepanda, lazima niseme. Nikirenda inafika nyuzi 90 na kitu, kwa hiyo naiinua kwa vitabu viwili iweze kuvuta hewa, na siiweki kitandani. Chaji nayo inakwisha mapema kidogo nikiwa kazini.

Jambo moja prosesa hii haikutatua ni Windows. Windows 10 ilimaliza huduma yake ya kawaida ya masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni ya kizazi cha tatu. Nimehamia Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, na Kdenlive ipo hukohuko. Kama programu unazotegemea ni za Windows tu, mimi ningekushauri usiitie prosesa mashine ya umri huu, hela hiyo ianzie mashine nyingine.

Kwangu mimi imelipa. Sendofu ya Jumamosi sasa naikabidhi Jumatatu asubuhi.