Futari ya Mbuyuni kwa sisi wenye figo mbovu

Ugonjwa wangu wa figo umefika hatua ya tatu kati ya tano. Daktari kaniruhusu kufunga, ila nirudi kupima kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyochuja) katikati ya Ramadhani. Futari nanunua kwa mama mmoja karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Uji wake wa pilipili manga mwepesi, tambi hazikithiri sukari. Nilimwomba magimbi ayachemshe kwanza, yale maji ayamwage, ndipo atie nazi, maana potasiamu, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa, hupungua hivyo. Kakubali bila kununa! Tende nazo zina potasiamu, ananipa moja tu, mwenyewe nimemkataza kuzidisha. Supu ndiyo siisogelei, chumvi balaa. Kaka yangu anasafishwa damu, hafungi. Fidia yake, sahani ya maskini kila siku, tunailipia hapohapo. Wahini kabla ya Magharibi, foleni haina huruma.