Walinirudishia picha zimechanganywa kama karata

Naanza na nyota moja. Nikifika mwisho wa maelezo haya huenda zikawa tatu, maana kazi ya mashine wameifanya, tena vizuri. Lakini bado nina hasira, na afadhali niandike nikiwa nayo.

Huduma yenyewe inajulikana: unafungasha picha na kanda zako za zamani, unatuma kwa posta, wao wanazigeuza kuwa za kidijitali, kisha wanakurudishia kila kitu pamoja na flashi. Nilituma mwaka jana, mwishoni mwishoni. Maelekezo yao yana sentensi moja ambayo sasa naijua kwa moyo: “Panga picha zako kwa mpangilio unaotaka kuupata.” Ishikeni hiyo sentensi.

Basi nikapanga. Anayedhani kupanga ni kutia vitu kwenye boksi hajawahi kukutana na picha za marehemu baba yangu. Alizifunga kwa mafungu na raba bendi, na raba ikizeeka huganda kwenye picha, tena salfa iliyomo huacha alama. Nilizikata kwa mkasi mdogo, sikuthubutu kuvuta. Klipu zilikuwa zimeota kutu. Zile albamu zenye kurasa za gundi ndizo zilizonitoa jasho: unapitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, unausogeza huku na huku taratibu mpaka picha iachie. Zilizogoma niliziacha na ukurasa wake, ziende hivyo hivyo. Nyuma ya picha niliandika kwa penseli laini, kwa sababu wino huhamia kwenye picha inayolaliwa, na ukikandamiza kalamu mstari hutokeza hadi upande wa sura ya mtu.

Kanda za VHS nilizirudisha mwanzo. Kupata deki inayofanya kazi siku hizi ni shughuli. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016. Nikavunja na kile kipande cha plastiki mgongoni mwa kanda, asije mtu akarekodi juu ya harusi ya watu. Halafu kulikuwa na rili ndogo za Super 8, filamu za sinema za nyumbani, zile za futi 50 ambazo hazizidi sana dakika tatu. Mojawapo ilikuwa inanuka siki. Filamu ya asetati, aina ya plastiki, ikianza kuoza hutoa harufu hiyo, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Niliitenga kwenye bahasha yake, nikaandika juu: “Hii inanuka siki, tafadhali anzeni nayo.”

Picha zote zikaingia kwenye bahasha, kila tukio na bahasha yake, juu yake mwaka, mahali na majina ya waliomo. Bahasha zina namba, orodha imo ndani, nakala ninayo. Boksi ndani ya boksi, plastiki ya kuzuia maji katikati, mapengo yote nimeyajaza mpaka ukitikisa husikii kitu.

Kifurushi kiliporudi nilifungua flashi kwanza. Faili la kwanza, arusi ya shangazi. La pili, mazishi ya babu. La tatu, mimi na sare ya shule ya msingi. La nne, shangazi tena, safari hii mzee kabisa. Majina ya mafaili ni namba tupu. Ukiiambia kompyuta izipange kwa tarehe, zote zinasoma siku ile zilipopita kwenye skana. Nikafungua boksi: picha zote zimo kwenye mfuko mmoja wa plastiki, zimerundikwa. Bahasha hakuna hata moja.

Nikapiga simu. Kijana akanisikiliza, akavuta pumzi, akasema: “Mama, si zote zipo? Hakuna iliyopotea. Picha ni picha tu.”

Picha ni picha tu! Mwanangu, mimi ninayo picha ya vijana wawili wamesimama mlangoni, ndugu wanaofanana hadi kope. Picha yenyewe imegandia kwenye ukurasa wa albamu, kwa hiyo nyuma yake hapaandikiki. Yupi babu na yupi ndugu yake, jibu lilikuwa juu ya ile bahasha, mwandiko wa shangazi mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa bahasha yake ya zamani nami niliirudishia picha yake kwa heshima. Shangazi hatunaye. Nyinyi mmeitupa kwenye pipa la taka, halafu mnaniambia hakuna kilichopotea?

Nilikuwa tayari kumaliza hapo, nyota moja, kwaherini. Lakini jioni nikafungua ile filamu ya siki. Rangi zimetulia, picha haitetemeki. Haina sauti, lakini baba yumo, kijana mwembamba, anacheka na kumzuia mpigaji kwa kiganja, kisha anaanza kukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine bila sababu yoyote. Sikuwahi kumwona baba akikimbia. Watoto waliniomba niirudie mpaka tukachoka. Kwa hilo nawapa nyota tatu, hata nne.

Hapo ndipo hasira ilipopanda upya. Kwenye karatasi yao ya kazi, mbele ya filamu hiyo, mtu ameandika: “Imeanza, kama mteja alivyoomba.” Kumbe wanasoma! Yupo aliyesoma maandishi yangu juu ya bahasha moja na akayafuata. Basi hizo nyingine zilikuwa na kosa gani?

Kwa hiyo mbili. Filamu na kanda, wapelekeeni, wanazijua. Picha za karatasi, labda, ikiwa mtawauliza kwanza kwa maandishi kama wanaskani na upande wa nyuma (hawaskani, mpaka uombe), na kama mtaipiga picha kila bahasha kwa simu, maandishi yaonekane, kabla hamjafunga boksi. Mimi sasa kila jioni nakaa na rundo, nageuza picha moja moja, nasoma penseli, natafuta faili lake, nalipatia jina.

Kijana wa simu aliniahidi kwamba meneja atanipigia akitoka likizo. Nimeuliza tena juzi. Bado yuko likizo.